Nilivyozishinda ramani za China, na wale walioniambia simu yangu mbovu

Kila aliyewahi kufuata mzigo Guangzhou atakwambia: pakua ramani, weka pini, nenda. Ushauri huo ndio ulionifikisha Lecong, kule Foshan kwa wauza fanicha, nikasimama ukingoni mwa mfereji mweusi huku simu ikisisitiza kwamba nipo mlangoni mwa godauni la sofa. Jua linachoma, shati limeganda mgongoni, na mzee mmoja mvuvi ananitazama kama nimetumwa kumdai. Teksi ilishaondoka na yuan zangu 60 na ushee.

Jamaa wa hotelini akasema nizime simu niwashe. Mwingine, kwa ujumbe wa sauti, akadai dira imevurugika, niizungushe hewani kwa umbo la nane. Nikaizungusha, mzee akakusanya ndoano zake akahama.

Simu ilikuwa nzima kabisa. China, kwa ajili ya usalama wa taifa, inataka ramani za umma zitumie mfumo wa GCJ-02, ambao husogeza kila mahali mita mia kadhaa, na msogeo wa mji huu si wa mji ule. Baidu, programu ya ramani ya Kichina, huongeza msogeo wake juu ya huo. Muuzaji alinitumia namba za mahali (latitudo na longitudo) kutoka Gaode, programu nyingine ya ramani ya huko, ambayo hufuata GCJ-02. Ramani niliyopakua kutumia bila intaneti inafuata GPS ya kawaida, ndiyo maana pini ikaangukia mferejini.

Sasa utamu. Nilirudi kwenye geti la soko kubwa, mahali pasipo ubishi. Nikasoma namba za geti kwenye Gaode, nikasoma za GPS tupu, nikatoa. Gaode ilikuwa imelisukuma geti kama nusu kilomita mashariki na mita mia tatu hivi kusini. Nikairudisha pini ya godauni kwa kiasi hichohicho, ikatua juu ya paa la bluu. Ndani ya mji mmoja tofauti haibadiliki sana, kwa hiyo hesabu moja ilinitosha siku nzima.

Kinachochekesha, picha ya setilaiti niliyoihifadhi tangu Dar ilikuwa inalionyesha paa lilelile, na malori yameegeshwa uani! Jasusi anaona kila kitu. Anayepotea ni mnunuzi wa sofa.

Ila usijitie upimaji ukaanza kuchora ramani zako: bila kibali ni kosa kule. Na anwani iwe kwa Kichina, dereva hasomi namba.