Chumvi iliyo nyuma ya sufuria

Wanafunzi wangu hapa Wete hudhani floridi ya alumini na kloridi yake ni pacha. Wapi! Kloridi hugeuka mvuke kwenye nyuzi 180 hivi. Floridi, AlF3, husubiri mpaka karibu 1,290, nayo huruka umajimaji, ikawa mvuke moja kwa moja, wala si kwa bahati. Kila alumini imezungukwa na florini sita, na kila florini inashikwa na alumini mbili, kama mafundo na nyuzi za jarife. Kulifumua kunataka moto kweli.

Ni unga mweupe, mzito kuyeyuka majini. Nikivuka Unguja nikayaona masufuria ya Darajani, huukumbuka: viwandani huchanganywa na kriolaiti, yaani madini ya sodiamu, alumini na florini, oksidi ya alumini ikayeyukia humo kwenye nyuzi 960 hivi badala ya 2,000 na ushei, kisha umeme huitenganisha, ikatoka alumini ya kufanyia masufuria. Vumbi lake, lakini, si la kuvuta.