Jeni iliyoyeyuka asubuhi

Jana nimelala saa nane usiku, na kwa furaha niliyokuwa nayo nusura niamshe nyumba nzima. Kati ya jeni takriban 20,000 nilikuwa nimepata moja inayowagawa wagonjwa wa saratani ya figo waziwazi: kwa wale ambao inafanya kazi kwa wingi, mstari wa uhai, yaani mchoro wa wangapi bado wako hai kadiri muda unavyokwenda, unaporomoka mapema, kwa wengine unashuka taratibu.

Asubuhi kichwa kilikuwa kimepoa. Nikakumbuka kwamba mpaka kati ya "wingi" na "uchache" nilikuwa nausogezasogeza hadi ikapungua thamani ya p, yaani uwezekano wa kupata tofauti kama hiyo kwa bahati tu. Nikaurudisha katikati, nusu kwa nusu, halafu nikaiingiza jeni hiyo kwenye modeli ya Cox, hesabu inayopima mambo kadhaa ya uhai kwa pamoja, ikiwa na umri na hatua ya ugonjwa. Ikayeyuka. Kilichokuwa kinaua ni saratani iliyokwisha kusambaa. Jeni yangu ilikuwa ikifuata nyuma tu. Na hesabu yenyewe ni rahisi: kwa kawaida jeni hupita thamani yake ya p ikiwa chini ya asilimia 5, na asilimia 5 ya 20,000 ni 1,000. Jeni 1,000 zinaweza kupita mtihani huo kwa bahati tupu.

Data ni ya TCGA, mradi wa Marekani uliochunguza jeni za saratani, na ni ya aina iitwayo seli angavu, ambayo ni kama saratani tatu kati ya kila nne za figo kwa watu wazima. Humo mara nyingi mkono mfupi wa kromosomu ya 3 (kromosomu ni nyuzi zinazobeba jeni) hupotea pamoja na jeni ya VHL. VHL ikiharibika, seli hujiona imekosa oksijeni hata ikiwa nayo tele, ikaanza kuita mishipa mipya ya damu. Lakini VHL haitabiri vizuri nani ataishi, maana wagonjwa wengi mno wameipoteza. Jirani yake BAP1 ndiyo inayonitisha: ikiharibika, kwa kawaida mgonjwa huwa na hali mbaya zaidi. Kilichowasha moto na kinachoueneza ni vitu viwili, na mimi natafuta cha pili.

Kila sampuli ina namba. Sehemu yake ya mwisho ikianza na 01 ni uvimbe, ikianza na 11 ni nyama isiyo na saratani ya mtu yuleyule. Wengi wa watu hao ni Wamarekani weupe. Baba mdogo, kwetu Kanda ya Ziwa, alikojoa damu miezi kadhaa akitibiwa kichocho, maana kwetu damu kwenye mkojo ni kichocho kwanza. Ultrasaundi ilipokuja kuonyesha uvimbe, muda ulikuwa umekwenda. Hakuna kipande chake kilichohifadhiwa popote, na hilo bado linaniuma.

Kwenye mchoro wa mistari ya uhai kuna alama ndogo za kujumlisha. Kila moja ni mtu ambaye mara ya mwisho kuonekana kliniki alikuwa hai. Leo nimezitazama muda mrefu kuliko mistari yenyewe.

Kesho naanza upya na nusu ya wagonjwa. Nusu ya pili siigusi hadi modeli ikamilike.