Fildi Kongwa: nilivyoweka dodoso pembeni nikashika daftari la maji

Chuoni kwetu bila wiki nane za fildi kijijini hupandi mwaka wa tatu. Nilipewa barua ya utambulisho na dodoso la kurasa kumi na moja, na mwezi Julai nikashuka kwenye basi wilayani Kongwa, mkoani Dodoma, nikiwaza jambo moja tu: kulijaza lile dodoso.

Kaya ya kwanza ilikuwa ya mzee aliyekaa nje akimenya karanga. Nilimwamkia, akaitikia vizuri, akavumilia maswali matatu. "Mwanangu, mwaka jana alikuja mwenzako akaniuliza nina kuku wangapi. Mwaka juzi vilevile. Kuku wanakufa kwa kideri, ninyi mnahesabu." Kisha akanisimulia habari alizoachiwa na baba yake: Waingereza walivyofika Kongwa mwaka 1947 na matrekta yao kulima karanga, ardhi ikawakatalia kwa ugumu, mvua zikawakatalia, na kufikia 1951 mradi ukawa umekufa. "Wataalamu tunawajua tangu enzi hizo." Kijijini mwanafunzi wa fildi huitwa mtaalamu. Siku ile jina hilo lilinielemea.

Asubuhi yake nilikwenda kwa mtendaji wa kijiji nikamuuliza ni kazi gani imelala kwa kukosa mtu wa kuifanya. Hakufikiri sana. Alitoa kaunta buku nne kabatini, za kamati ya maji. Kisima cha pampu ya dizeli kilikuwa kimesimama siku tisa, kinamama wanachota korongoni, na kijiji kizima kinasema kamati imekula hela. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Na. 7 ya mwaka 1982, inataka mkutano mkuu wa kijiji ukutane angalau kila miezi mitatu. Mara mbili ulikuwa umevunjika kwa kelele, kabla mapato na matumizi hayajasomwa.

Jioni kumi nilikaa na mama mweka hazina kwenye taa ya sola. Ndoo ya lita 20 ni shilingi 50. Anayekopa huchorewa kijiti. Risiti za dizeli zilikuwepo, na fedha zilizoandikwa zilikaribiana nazo. Wizi hatukuuona. Jioni ya sita nilimuuliza mbona mfyatua matofali mmoja ana vijiti vichache kiasi kile na tanuri lake linaonekana kutoka barabarani. Akanyamaza, akakishika kitabu kwa mikono miwili. Wafyatua matofali huchota kwa pipa la lita 200. Wahudumu wa vituo vya kuchotea maji walikuwa wakichora kijiti kimoja kwa pipa, sawasawa na ndoo. Maji ya shilingi 500 yaliandikwa kama ya 50, kiangazi chote. Yule mama alilia. Miezi mingi alikuwa akiitwa mwizi kanisani na sokoni.

Hapo nilitaka kubandika majina ya wadaiwa ukutani, ofisi ya kijiji. Alinikataza. "Wewe utapanda basi, mwanangu. Mimi nitaonana nao kisimani." Alikuwa sahihi. Tulipita na mwenyekiti wa kitongoji, nyumba moja baada ya nyingine, kila mfyatua matofali akaonyeshwa ukurasa wake peke yake. Wawili walikuja juu. Wengine walihesabu wenyewe safari za mapipa yao, na mmoja alitaja idadi kubwa kuliko tuliyoikisia sisi.

Mkutano ulifanyika chini ya mbuyu. Hesabu tuliziandika kwenye karatasi za manila, na niliomba azisome mweka hazina, mimi nikashika karatasi tu. Watu walisikiliza mpaka mwisho. Wakaamua pipa lilipiwe kabla ya kuchota na lichorewe duara, kijiti kibaki cha ndoo. Wafyatua matofali walitoa dizeli ya kuanzia, na pampu ikawaka wiki hiyohiyo.

Dodoso nililijaza nusu. Msimamizi alipokuja kunikagua nilimpeleka kwa mweka hazina, akazikagua kaunta buku kwa muda mrefu, akanipitisha. Mimi naunga mkono fildi ya lazima, maana kwa hiari yangu nisingefika pale. Ila vyuo vingerudisha wanafunzi kijiji kilekile mwaka hadi mwaka, wapokezane kazi moja. Wiki nane zinatosha kuona pipa limeandikwa ndoo. Kufuatilia madeni ya kiangazi kizima hazitoshi, na yale ya wale wawili niliyaacha hayajalipwa.

Juni iliyofuata yule mama mweka hazina alinipigia simu. Mmoja alikuwa amemaliza deni, mwingine bado. Kaunta buku ya tano imejaa, akasema, ameanza ya sita. Akauliza, "Mwenzako wa mwaka huu anakuja lini? Nimeshamwekea kiti."