Masomo yetu haikupata mia kwa mia, na ile njo furaha yangu

Juzi saa mbili ya usiku umeme ilikuwa imekatika mu kartie yetu yote, tuko tumeikala inje karibu na moto ya makala juu baridi ya mwezi wa saba huku Lubumbashi haichezi na mutu, na mudogo wangu ameshika simu na mikono mbili kama vile inaweza kuvunjika. Alikuwa ametuma kodi yake, ile ya tarakimu 14 yenye banapatiaka kila mwenye kufanya Egzamen ya Leta, ile ya kumaliza sekondere, na tunangoja SMS irudi. Rezo ilikuwa mubaya. Mama alikuwa anashika rozari chini ya kitenge, alifikiri hatumuone. Kisha simu ikalia, mudogo akaangalia, hakusema kitu, akanipatia miye simu tu na akafunika uso. Nikasoma: amepita. Asilimia 61, sekisio ya elektrisite.

Mwenye aliishi Kongo anajua kenye kinafuata. Mama aliingia mu nyumba akatoka na kopo ya pudra, ile nyeupe ya batoto bachanga, akaimwanga yote ku kichwa ya mutoto mpaka siye bote tukaanza kukohoa, bajirani bakapiga masufuria, bapikipiki bakapita na klaksoni, na banafunzi bengine ba kartie benye bamepita bakakuya na shemizi zabo nyeupe za masomo zimeandikwa majina na biki mbele na nyuma. Tulilala saa nane.

Lakini habari yenye nataka kuandika hapa si ya mudogo wangu peke yake. Ni ya masomo yenyewe.

Kesho yake asubui nilikuwa mu njia ya kuenda ku soko ya Kenya, ile komine ya huku kwetu Lubumbashi, mama moja tunasalaka naye ku paroki akanishika mukono, akanipongeza, kisha akauliza: "Na masomo yenu imepata ngapi? Mia kwa mia?" Nikamwambia hapana mama, kuko bane habakupita. Akanyamaza. Akaniangalia kama mutu mwenye kuko kilio kwake, akasema pole, mwaka ingine Mungu atasaidia. Sikumujibu pale pale, yeye alikuwa na haraka na miye pia, lakini ile pole yake ilinibakilia mu roho siku nzima.

Kwa benye habajue: masomo yetu ni ya Kikatolika, iko mu mikono ya ba-Salesien, bale bapadri ba Don Bosco. Balifika mu muji huu mu 1911, wakati Elisabethville, njo jina ya zamani ya Lubumbashi, ilikuwa na mwaka moja tu, na toka pale habakuacha kufundisha batoto. Kuko masomo yabo ya jina kubwa kama Collège Imara, zamani iliitwaka Saint-François de Sales, mbele Mobutu alete mambo ya authenticité, ya kurudilia majina ya Kiafrika, na majina ya batakatifu ikatoka ku milango. Baba yangu alikuwa mutoto wakati ile. Anatuelezaka vile mwisho wa 1974 Leta ilikamata masomo yote ya makanisa, kufundisha dini ikakatazwa, na kisha mu 1977 Leta ile ile ikarudi kwa makanisa bakasaini mapatano juu makanisa ishike tena masomo. Toka pale njo tunaitaka masomo kama yetu konvansione: programu ni ya Leta, diplome ni ya Leta, lakini mwenye kuongoza ni kanisa.

Yetu haina jina kubwa. Madirisha ingine ya atelye haina vioo tangu miye nasoma mule, na ku elektrisite kuko meza tano za kazi tu, banafunzi banangojana.

Sasa ile mia kwa mia. Nataka bazazi bajue namna inafanyikaka fasi zingine, juu miye nilipita ndani. Sikuanzia mu masomo hii. Nilikuwa mu ingine, sitaitaja, yenye kila mwaka inatundika banderole kubwa mbele ya mulango kama bafinalisti bote, bale ba ya sita, bamepita. Nilikuwa mu ya tano, hesabu ilikuwa inanitesa, fizike pia, na ku mwisho wa mwaka nikapata 52. Yaani nilipita, bulteni iko hapa mu kabati mpaka leo. Lakini bakaita mama yangu ku biro, bakamwambia kwa sauti ya upole kabisa: mama, mutoto ameingia ku ya sita, tunamupatia mwaka yake, lakini aende kuifanyia fasi ingine. Mama alikuwa anauzaka makala, hakuzoea kujibishana na bantu ba biro. Akasema merci, akakamata bulteni, tukatembea ku miguu mpaka Katuba bila kusema neno.

Na si miye peke. Bengine baliambiwa badubla ya nne mara mbili mpaka bakachoka bakaacha bo benyewe, bengine bakasukumwa mu option yenye habakuomba. Ku mwisho mu ya sita banabaki kikundi kidogo ya batoto bakali, na hakika banapita bote. Banderole haidanganye, inasema kweli: bafinalisti bote. Ile yenye haiandike ni bangapi balianza nabo pamoja mu ya kwanza, na bako wapi leo.

Njo vile nilifika mu masomo yetu mwezi wa tisa, bulteni ya 52 mu mukono na mama nyuma yangu amefungwa kitenge yake ya misa. Prefe, njo mukubwa wa masomo, alikuwa padri moja muzee, Mungu amupumuzishe. Alisoma bulteni pole pole, na hakuniuliza kitu juu ya hesabu. Aliniuliza nakulaka saa ngapi. Nikamwambia mangaribi. Akaandika kitu mu kaye yake. Toka siku ile, kisha saa ya mwisho, tulikuwaka banafunzi saba ku refektori ya bapadri, sahani ya bukari na sombe, na mbele hatuyanawa mikono mwalimu wa hesabu alikuwa ameisha kufika na kipande ya ubao, anaanza na mambo ya ya tatu, juu aliona haraka sana kama mashimo yetu ilianzia kule. Sikukuwa mutoto bila akili. Nilikuwa na njaa, na kuko vitu sikuelewa toka zamani na hakuna mwenye alirudi nyuma kunichukua. Egzamen ya Leta nilipata 54. Leo niko komtable mu depo moja ya simenti, hesabu njo inanilisha miye na lupangu nzima.

Don Bosco mwenyewe, mwenye alizaliwa Italia mu 1815 mu familia ya balimaji na baba yake akakufa yeye akiwa kadogo, alianza kazi yake kule Torino na bijana benye hawakuwa na mutu, bengine batoto ba kufanya kazi ya ujenzi, bengine benye balitoka mu kifungo. Kila tarehe 31 ya mwezi wa kwanza, siku yake kubwa, tunasomewaka maisha yake ku misa kisha tunaenda ku mupira, na maneno tatu yenye alifundisha iko imeandikwa ku ukuta wa korido yetu: akili, dini, upendo. Mutu akitaka kujua kama tunayafuata, asiangalie tu asilimia. Aangalie nani aliingizwa mu sale ya egzamen. Mwaka huu, bote benye balianza ya sita mwezi wa tisa, bote balifika mu sale ile siku ine zote. Hakuna hata moja mwenye aliambiwa abaki kwao. Hii njo habari yangu kubwa.

Juu ya mudogo wangu niseme kidogo pia, juu alitokwa jasho. Bo ni basichana batatu tu mu sekisio. Siku ya juri ya pratike, ile egzamen ya kazi ya mikono, banakupatia mupango ku karatasi, nyaya, enterupteri mbili, ampulu, turnevisi, na saa inatembea. Yeye ilimupata vaevyen, ile ya kuwasha ampulu ku mulango na kuizima ku kitanda. Fazi, ile waya ya kuleta umeme, inaingia ku enterupteri ya kwanza, kutoka pale nyaya mbili zinaenda ku enterupteri ya pili, ku ya pili inatoka waya moja mpaka ku ampulu, na netri yeye anaenda moja kwa moja ku ampulu bila kupita ku enterupteri. Wiki mbili nzima alikuwa anachora ile mambo na kijiti mu mavumbi ya lupangu, mpaka mama, mwenye hakusoma, leo anaweza kukueleza kwa nini pale katikati nyaya ni mbili. Siku yenyewe umeme ikakatika, bakawasha jeneratere ya bapadri. Akabonyeza, ikawaka. Akaenda ku ingine, ikazima. Mwenye juri akamwambia rudia, akarudia. Jioni alifika ku nyumba, hakuomba chakula, aliomba makuta ya kununua enterupteri mbili, na tangu siku ile mama anazima ampulu ya chumba yake bila kutoka mu blanketi.

Habari zingine za mwaka: ekipe yetu ya Génies en herbe, ile mashindano ya maswali kati ya masomo, ilifika mbali kuliko vile tulizoea, na mwenye alikuwa anabonyeza wa kwanza ku maswali ya jiografia ni mutoto wa Ruashi mwenye anauzishaka mikate asubui mbele ya kuingia. Mupira tulipigwa mapema. Ku atelye amerudi mwalimu moja kijana, alisomaka mule mule, alipata kazi kule ku bakampani ba mine yenye kulipa muzuri kuliko ubao, na bado anakuya siku mbili kila wiki kufundisha. Alifunga multimetri yake mwenyewe na kamba ku meza ya kwanza juu banafunzi batumie. Na miti yenye ya nne walipanda nyuma ya chapelle mu mvua ya mwaka jana, mingi imeshika.

Sasa bale bane. Nabajua bote. Moja alikuwa anatoka ku kazi ya usiku na anaingia mu darasa na matope ku viatu. Moja alizika mama yake siku kidogo mbele ya egzamen, na alifanya siku ine zote, hakukosa hata moja. Babili bengine hesabu ilibashinda, vile ilinishinda miye, na bo pia baliingia na mashimo ya zamani kutoka fasi zingine. Mu masomo ingine bale bane habangeandikishwa kabisa, na banderole ingekuwa safi. Hapa baliketi, balijaribu, na wiki hii padri prefe wa sasa alibaita na bazazi babo, akabaambia fasi yabo iko, mwezi wa tisa barudi, na kazi ya hesabu inaanza mu vakansi hii hii, kila siku ya tatu na ya tano.

Ile mama wa paroki, kama anasoma: mama yangu, asante kwa pole, nilijua ilitoka mu roho. Lakini ukitafuta masomo ya mutoto wako mwaka huu usiulize asilimia tu. Uliza ku ya kwanza baliingia bangapi. Uliza mwenye anapata 48 banamufanyia nini.

Na kuko mambo ya makuta, siwezi kuificha. Masomo ya bure yenye Leta ilitangaza mu 2019 ni ya primere, siye ku sekondere muzazi bado analipa, na ku ya sita kunaongezeka makuta ya kushiriki Egzamen. Kwa familia ya wale bane, kulipa mara ya pili ni kitu kizito sana. Siye benye tulisomaka mule tumeanza kuchanga juu yao, na juu ya refektori pia, juu sahani ile ingali inatolewa na batoto hawako saba tena, bamepita makumi tatu. Tunakutana siku ya Mungu kisha misa ya pili, chini ya jakaranda ya karibu na grote. Mwenye ana franga alete franga, mwenye ana kaye za zamani za hesabu na fizike alete, zinatumika. Mudogo wangu atakuya kupima waya za refektori juu kuko sokete moja inatoa moshi. Mama ameisha kutoa yake: gunia moja ya makala, nimeifunga asubui hii ku kinga, yaani baiskeli, ya kaka yangu, iko pale ku mulango inangoja.