Okidi yangu na maji ya kisima

Kakangu aliniletea okidi kutoka Nairobi Desemba 2021, ikiwa na maua meupe tisa. Ni aina ya Phalaenopsis, ambayo kwao ni misitu ya Ufilipino, Indonesia na nchi jirani. Niliiweka sebuleni kwetu Mji wa Kale, Mombasa, nikaimwagilia kila siku kama mrehani. Kufika Aprili maua yote yamepukutika, na majani yamelegea kama mchicha wa jana.

Nilipoing'oa ndipo nilipoona. Mizizi imeoza, ukiibana inatoa maji. Mdomo wa chungu nao umeshika utandu mweupe: chumvi. Jengo letu hutumia maji ya kisima, na maji hayo yana munyu. Sisi tumeyazoea. Okidi hii haiyawezi, maana huko kwao huishi juu ya miti, mizizi ikiwa hewani, ikinywa mvua tu.

Mama akaniambia, "Mwanangu, litupe. Utaletewa jingine."

Moyo ulikataa. Nilikata mizizi yote iliyooza kwa mkasi niliokwisha kuupitisha motoni, nikapaka unga wa mdalasini pale penye majeraha tu. Ilisalia mizizi mitatu. Udongo sikuurudisha tena. Nilikata makumbi ya nazi vipande vidogo kama kete za bao. Nayo huwa na chumvi yake, kwa hiyo niliyaroweka siku tano, nikibadilisha maji kila jioni. Bahati nzuri masika yalikuwa yameingia. Niliiacha mvua ya kwanza ioshe bati, kisha nikakinga ndoo na kuzifunika, mbu wasizalie humo. Kaskazi ikikausha ndoo, hununua maji ya bomba kwa wenye mikokoteni, na siyamimini kabla ya kuyaonja.

Siku za kumwagilia huniambia mizizi yenyewe. Ikiwa ya kijani, naiacha. Ikigeuka rangi ya fedha, natumbukiza chungu majini dakika kumi, asubuhi, kisha nakiacha kichuruzike. Tone likibaki kati ya majani nalifuta kwa pamba, kwani hapo ndipo uozo huanzia.

Mwaka huo wote ilitoa jani moja. Uliofuata, mawili.

Maua yalikuwa na shida nyingine: kikonyo hakitoki mpaka mmea upate wiki kadhaa za joto la chini ya nyuzi 26 hivi, na Mombasa hali hiyo huipata kwa shida, Julai na Agosti. Mwaka 2023 niliiacha sebuleni, haikutoa kitu. Mwaka 2024 niliihamishia kidirisha cha ngazini, kinachopokea upepo wa kusi, jua kali lisipofika. Mwisho wa Agosti kitu cha kijani kikachomoza ubavuni. Nilidhani ni mzizi, hadi kilipoanza kupanda juu.

Ua la kwanza lilifunguka Novemba. Mama ndiye aliyeliona, alfajiri, akitoka kuswali. Alikuja kuniamsha.