Tulivyofungua Mirathi Bila Muhtasari wa Ukoo

Kwa miaka sita nimekuwa msaidizi wa kisheria wa kujitolea katika shirika dogo wilayani Muleba, mkoani Kagera, na hakuna ushauri unaoniudhi kama huu wanaopewa wajane: kwamba bila muhtasari wa kikao cha ukoo mirathi haifunguliwi. Mama ninayemweleza hapa aliambiwa hivyo na watu watatu waliopaswa kujua zaidi, akakaa miezi minane akisubiri saini za shemeji zake, wale wale waliokuwa wakivuna kahawa yake. Muhtasari ni desturi nzuri inayoonyesha kwamba jamaa wameafikiana, lakini si sharti la sheria.

Kibanja chao, yaani shamba la nyumbani, kilikuwa na sehemu mbili. Ya juu, yenye nyumba na migomba ya zamani, mumewe aliirithi kwa baba yake. Ya chini waliinunua wawili hao baada ya kuoana, wakapanda mibuni. Shemeji mkubwa alizidai zote, akisema mjane hana fungu. Ni kweli kwamba sheria za mila zilizotangazwa mwaka 1963 zinamwekea mjane pingamizi kubwa, lakini mambo hayakuishia hapo. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, katika shauri la Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory lililoanzia huku huku Kagera, aliamua kwamba mwanamke anaweza kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi kwa masharti yale yale ya mwanamume. Baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 20, ikabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi.

Nilianza vibaya, kwa kumpeleka baraza la kata. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 baraza hilo hupatanisha tu wala haliamui, na jambo letu lilikuwa la mirathi tangu mwanzo. Kikao cha kwanza shemeji hakutokea. Cha pili alikuja na karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye maneno kwamba mjane ameridhia shamba lote lisimamiwe naye, na chini yake dole gumba la wino wa zambarau. Mama aliitazama, akanyamaza, nami nikadhani tumekwisha.

Tulipokuwa njiani kurudi ndipo aliposema, "Mwanangu, mimi sijawahi kuweka dole gumba popote. Nilisoma hadi darasa la nne, jina langu naandika mwenyewe."

Nilimwuliza kama ana karatasi yoyote ya zamani aliyotia saini. Akaingia jikoni, akashusha kutoka juu ya mafiga kopo la maziwa ya unga lililokolea masizi, na ndani yake mlikuwa na stakabadhi kumi na moja za malipo ya kahawa kutoka chama cha msingi cha ushirika, nyingine zimegeuka rangi ya chai, zote zikinuka moshi. Kila moja ilikuwa na saini yake, herufi zimelala kidogo kulia, mkia wa herufi ya mwisho umevutwa chini. Alikuwa amezitunza kama ukumbusho wa misimu aliyopeleka kahawa mwenyewe. Kumbe zilithibitisha mambo mawili kwa pamoja: kwamba anaandika, na kwamba shamba la chini lilikuwa jasho lake. Kwa hiyo mjane akija kwako, usimwulize kuhusu hati tu. Mwulize pia anaweka wapi vikaratasi vyake.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inanitambua, ila hainiruhusu kumwakilisha mtu mahakamani, hivyo ilibidi asimame mwenyewe. Jioni tatu tulikaa uani kwake, mimi nikiwa hakimu, yeye akijibu, mpaka alipoacha kuinamisha kichwa. Siku ya kufungua shauri katika Mahakama ya Mwanzo, karani aliirudisha Fomu Na. 1, ile ya kuomba usimamizi wa mirathi, kwa kukosa muhtasari. Tulimwomba kwa heshima aipokee na kumwachia hakimu aamue, naye akaipokea. Nauli, nakala na ada zote nadhani hazikuzidi laki moja, nusu yake ikitoka kwetu.

Shemeji aliweka pingamizi na kutoa ile karatasi yake. Hakimu alimpa mama kalamu, akamwambia aandike jina lake. Aliandika taratibu, bila kuinua mkono. Hakimu akaweka maandishi hayo kando ya stakabadhi, kisha kando ya dole gumba, akamwuliza shemeji nani alishuhudia likiwekwa. Hakujibu. Nilikuwa nimeketi benchi la nyuma, na machozi yalinitoka.

Mama aliteuliwa kuwa msimamizi wa mirathi pamoja na binti yake mkubwa. Msimamizi ana miezi minne ya kuwasilisha orodha ya mali katika Fomu Na. 5, na nilimweleza kwamba kwa mibuni inatosha kutaja shamba na mipaka yake. Alirudi baada ya siku mbili na ukurasa wa daftari la mjukuu wake, amehesabu shina kwa shina: mibuni 214. Tukaiandika hivyo hivyo, kisha akatia saini.