Wiki 26, futi inasoma 31: mimba yangu na uvimbe kwenye kizazi

Mimi ni fundi cherehani, niko Mbagala, huu mwaka wa 11 sasa, kwahiyo futi naisoma hata gizani. Siku ile kliniki nesi alipolaza futi kuanzia juu ya mfupa wa kinena mpaka pale kizazi kinapoishia juu, mi ndo niliisoma kabla yake, sentimita 31. Akaangalia kadi yangu, wiki 26. Akapima tena, 31 ileile. Akaniuliza "mama, kwenu kuna mapacha?" nikacheka, nikamwambia dada mapacha hamna, ni mtoto mmoja na vivimbe vitatu, geuza kadi nyuma utaona daktari ameandika. Maana mimba ikishapita wiki 20 zile sentimita zinatakiwa zikaribiane na wiki zenyewe, sasa ukiwa na mayoma, ndo hivyo vivimbe vya kizazi, futi inapima na wao humohumo, haijui kubagua.

Naandika hii kwasababu nilipoambiwa nina uvimbe nilitafuta mtu aliyebeba mimba nao akazaa, anihadithie tu siku kwa siku zilikuwaje, nikawa napata matangazo ya watu wanaouza dawa za kuyeyusha uvimbe kwa siku 14. Basi ngoja nihadithie ya kwangu. Mi sio daktari, usichukue dozi kwangu.

Nianze nyuma kidogo. Miaka kama minne kabla ya mimba hedhi yangu ilikuwa balaa, siku 8 mpaka 9, pedi za usiku nazivaa mchana, nikikaa kwenye stuli ya cherehani naweka khanga nyeusi chini yangu mteja asije akaona aibu yangu. Nilidhani ndo maumbile yangu tu. Sikwenda hospitali hata siku moja, na hilo najilaumu mpaka leo. Baadae nikiwa na mimba ndo nampigia mama Korogwe namwambia wameniona na uvimbe, ananijibu kama anataja bei ya nyanya, "kwani hukujua, mimi si ndo kilichonitolesha kizazi mwaka 98". Mama! Miaka yote hiyo hujanihadithia? Eti mambo ya wakubwa. Na daktari alikuja kuniambia hii kitu inatembea kwenye ukoo, mama akiwa nao au dada, na wewe uko kwenye foleni, halafu sisi wanawake weusi ndo tunapata zaidi na tunapata mapema.

Utrasaundi ya kwanza nilipiga mimba ina wiki 11. Yule anayepima alikaa kimya muda mrefu, anasogeza kile kidude, anabofya, anapima, mi roho iko juu nikasema basi mtoto hayupo. Akasema "mtoto yupo, moyo unapiga, ila una na wenzake". Mmoja sentimita 7 upande wa kushoto juu, ndani ya ukuta wa kizazi, wa pili 3 umetokea kwa nje, wa tatu 4 uko chini karibu na mlango. Huo wa chini ndo baadae ulikuja kuniamulia nitazaaje, ila wakati ule hakuna aliyeujali, wote tulikuwa tunautolea macho ule wa 7.

Swali la kwanza la mume wangu ndo swali la kila mtu: si watoe? Daktari akamwambia baba, kizazi chenye mimba kina damu nyingi mno, ukikichokonoa kutoa uvimbe unaweza ukashindwa kuizuia na mtoto ukampoteza, kwahiyo tunauacha, tunauangalia. Na wengi wala hauwasumbui, wanajifungua kawaida hata hawajui kama wanao. Nikatoka pale nimetulia kabisa.

Utulivu wenyewe ulidumu wiki 7. Wiki ya 18, usiku wa Jumamosi, nimetoka kumaliza sare za kitchen party nguo 14, nikashikwa na maumivu upande wa kushoto ambayo sijawahi kuyaona, yaani kama mtu ameshika nyama ya ndani anaikamua na haachii. Nikatapika, nikawa na kahoma, nikiweka kidole pale pale kwenye uvimbe naruka. Mume wangu akaita bajaji tukakimbilia zahanati moja ya karibu, sitaitaja, aliyekuwa zamu akanibonyeza tumbo akasema hii mimba haitakaa, uvimbe unaisukuma, bora isafishwe mapema kabla hujaanza kutoka damu. Hakupiga utrasaundi. Hakusikiliza mapigo ya mtoto. Na tukaambiwa bei hapohapo.

Mume wangu mtu mpole sana, ila siku ile alinishika mkono akasema "twende", hakuongeza neno. Tukapanda bajaji ileile mpaka hospitali kubwa, kila tuta la barabarani nalia. Kule wakaweka kipimo, moyo wa mtoto huo unadunda kama cherehani ya mota. Daktari, dada mdogo tu wa umri wangu, akanieleza vizuri: uvimbe ukikua haraka kwenye mimba unafika mahali damu inayoufikia haiutoshi, basi unaanza kufa katikati, na kinachouma ni hicho, sio mtoto. Wanauita kuoza kwekundu kwa jina la kitabuni. Inatisha kusikia ila mara nyingi inapita yenyewe kwa siku chache. Nikalazwa siku tatu, dripu, dawa ya maumivu, kulala. Siku ya nne nikarudi nyumbani natembea kwa miguu yangu na mimba yangu.

Kitu alichonionya sana ni dawa za maumivu za dukani. Mi kama mafundi wote mgongo ukiuma nilikuwa naenda duka la dawa nasema nipe diklofenaki, napewa, hakuna anayeniuliza una mimba. Akasema ukiumwa anza na Panadol, hizo nyingine aina ya diklofenaki na brufeni usiziguse bila daktari, mimba ikishakuwa kubwa zinaweza kupunguza maji ya mtoto na kuziba mshipa kwenye moyo wake ambao hautakiwi kuzibwa kabla hajazaliwa. Nikafika nyumbani nikazitoa kwenye droo ya vifungo, zilikuwa na karatasi mbili, nikazitupa chooni.

Baada ya pale nikaanza kuandika. Nina daftari la vipimo vya wateja, kifua, kiuno, hipsi, urefu, nikageuza nyuma nikaanza kurasa zangu: tarehe, saa ngapi, inauma wapi, inauma vipi, nilikuwa nafanya nini. Baada ya wiki tatu hivi nikaona kitu. Yale ya uvimbe yanakaa sehemu moja, naweza kuyaonyesha kwa kidole kimoja, na yanakuja zaidi siku nilizokaa zaidi ya masaa mawili bila kunyanyuka au siku nilizosahau maji. Yale ya tumbo kukaza ni tofauti, tumbo zima linakuwa gumu kama mpira halafu linalegea. La kwanza nalala, nakunywa maji, nasubiri. La pili nahesabu, likirudi kwa kupangana naondoka kwenda hospitali bila kuuliza mtu. Na damu, maji kutoka, homa, au mtoto kupunguza kucheza, hapo hakuna cha kuhesabu wala daftari. Nilikwenda mara mbili bure, nikaambiwa hamna kitu rudi nyumbani, wala sikuona aibu.

Kazi nilibadilisha. Cherehani ya kupiga kwa mguu ilikuwa inanimaliza, kila nikikanyaga uvimbe wa chini unajibu, kibofu kinaniita. Mume wangu akanifungia mota, hela tulikuwa tumeiweka ya kitanda cha mtoto (mtoto kalala na sisi mpaka leo, kitanda cha nini). Nikaacha kupokea magauni ya harusi, nikabaki na sare za shule na kupunguza nguo, vitu vya nusu saa nanyanyuka. Kukojoa nilikojoa jamani! Choo chetu ni cha wapangaji sita, usiku nilikuwa natoka mara nne na tochi ya simu, mpaka jirani akaniuliza kama natafuta kitu. Kulala nililala upande wa kulia maana kushoto ndo kwenyewe, kila mtu ananiambia mjamzito alale kushoto, nikamuuliza daktari akasema upande wowote ule, muhimu usilale chali, basi nikaweka mto katikati ya magoti na khanga iliyokunjwa chini ya tumbo nikapata usingizi.

Damu ndo ilikuwa vita nyingine. Zile hedhi za miaka minne zilikuwa zimenikausha, wiki ya 24 kipimo cha wingi wa damu kikasoma 8.9. Nikaongezewa fefo, vile vidonge vya kuongeza damu, nikameza, choo kikawa cheusi na kigumu, tumbo lenyewe limebanwa, nikatamani kuziacha. Kilichoniokoa papai asubuhi na kuacha chai. Yaani sio kuacha kabisa, nilikuwa nameza fefo na chai ya rangi kumbe chai inazuia ile dawa isiingie mwilini, nikahamisha, dawa na juisi ya chungwa, chai masaa mawili baadae. Dagaa, maharage, matembele na ndimu juu. Wiki ya 36 ikasoma 11.2, nikampigia mama mkwe kumwambia kama nimefaulu mtihani.

Sasa mama mkwe. Alikuja kutoka Handeni mimba ina miezi mitano, na mzigo wake ndani kuna chupa ya lita moja ya mizizi, maji meusi. "Mkwe wangu, kikombe asubuhi kikombe jioni, hilo jiwe litatoka lenyewe." Nikapokea kwa mikono miwili nikasema ahsante mama. Utamwambia nini mtu aliyepanda basi masaa yote hayo ameishikilia chupa mapajani isimwagike? Nikaiweka uvunguni mwa meza ya cherehani nyuma ya mabaki ya vitambaa, kila asubuhi roho inanisuta. Wiki ya 28 nikamwambia mama nisindikize kliniki. Nikaomba aingie kwenye chumba cha utrasaundi, akaonyeshwa mtoto ananyonya kidole, akaonyeshwa na uvimbe, akauliza "dawa za mitishamba je?" Daktari akamjibu kwa heshima kabisa, "mama, nyingine zinakamua kizazi, na kizazi kikikamuliwa sasa hivi kitakachotoka kwanza ni huyu anayenyonya kidole". Tulirudi kwenye daladala hajasema neno. Chupa hakuiulizia.

Wiki ya 36 mtoto akawa amekaa matako chini, kichwa kimejibana juu, na ule uvimbe wa chini wa sentimita 4 sasa ulikuwa 5 na umekaa njiani. Daktari akasema hapa hapageuki, tunapanga upasuaji wiki ya 38 na siku kadhaa. Akatuambia tuandae watu wa kuchangia damu maana kizazi chenye mayoma wakati mwingine kinashindwa kukaza vizuri baada ya kuzaa na damu inamwagika. Alichangia mume wangu, akachangia na mteja wangu mmoja mwalimu ambaye nilikuwa nimechelewesha sketi yake miezi miwili. Kuna wateja na kuna ndugu, yule sijui nimuweke wapi.

Nilikuwa macho muda wote wa upasuaji, sindano ya mgongo, nasikia tu wanavuta. Msichana, kilo 2.9. Damu ilitoka nyingi, wakaniongezea chupa moja, dawa ya kukaza kizazi wakaweka mara mbili, nilitetemeka mpaka meno yanagongana ila nilikuwa nasikia mtoto analia pembeni. Uvimbe hawakuutoa, na hilo nalieleza mpaka leo kwa kila anayekuja kumuona mtoto, "walifungua tumbo wakauacha humo?" Ndio waliuacha, wangeugusa siku ile pengine mngekuja na sanda sio na nguo za mtoto.

Miezi sita baadae nikarudi kupima. Ule wa 7 ulikuwa 4 na pointi, wa nje hauonekani vizuri, wa chini 3. Vinasinyaa vyenyewe kwa wengi baada ya kuzaa, sio wote. Nikitaka mtoto wa pili nitaonana na daktari kwanza tuamue kama utolewe kabla, mara hii siendi kwa kushtukiza.

Mama mkwe alikuja mwezi uliopita kumuona mjukuu. Akainama kuokota kifungo chini ya meza ya cherehani, akaibuka na chupa yake. Niliimwaga siku nyingi, nikaiosha, naweka mafuta ya cherehani. Akaifungua, akanusa, akaniangalia, mi nimeganda na mkasi mkononi. Akaifunga kizibo vizuri akairudisha palepale, akasema "haya, nipe mjukuu wangu".